Kujulisha wanachama si kuwashirikisha

Malalamiko kutoka kwa viongozi wa vikundi na taasisi yanaongezeka, na mengi yanafanana: utaratibu mpya umetangazwa, wanachama hawaufuati. Ukiuliza walishirikishwa lini, unaambiwa walitangaziwa mkutanoni. Tunaomba jambo hili lieleweke: kutangaza si kushirikisha.

Mwaka 1948 Lester Coch na John French walichapisha matokeo ya utafiti wao katika kiwanda cha nguo za kulalia huko Virginia, Marekani. Kundi moja la wafanyakazi lilielezwa tu mabadiliko ya kazi. Uzalishaji wake ulishuka ukabaki chini, na asilimia 17 waliacha kazi ndani ya siku 40. Makundi ambayo wafanyakazi wote walishiriki kupanga kazi mpya yalishuka kidogo mwanzoni, yakapona haraka, kisha yakapita kiwango cha zamani. Hakuna aliyeacha kazi katika siku hizo. Kwa hiyo kiongozi asishtuke ufanisi ukipungua wiki za mwanzo. Wengi hufuta mabadiliko mazuri hapo hapo.

Wapelekeeni wahusika rasimu kabla ya mkutano, na waulizeni kipi kitawakwamisha. Anayepinga msimwite mkorofi: mara nyingi ndiye anayeifanya kazi hiyo kila siku na ameshaona tatizo. Jaribuni kwenye kitengo kimoja, rekebisheni, ndipo mpige kura.

Kwenye kura, thibitisheni kwanza akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama wanaotakiwa kuwepo ili uamuzi uwe halali, na iandikwe. Muhtasari uonyeshe tarehe, waliohudhuria, hoja ilivyosomwa, kura za ndiyo, za hapana na wasiopiga, pamoja na tarehe ya kuanza. Mwenyekiti na katibu wasaini. Bila akidi uamuzi hausimami, hata kama ukumbi mzima ulipiga makofi. Katiba yenu ikielekeza tofauti na haya, fuateni katiba.

Adhabu zisitumike kipindi cha majaribio. Baadaye asiyefuata utaratibu akumbushwe kwa mdomo, kisha kwa barua, kisha aitwe kwenye kamati ajieleze kabla ya uamuzi wowote. Kuruka hatua hizi ndiko kunakozaa rufaa.

Siku ya kuanza, ondoeni vya zamani. Daftari la awali likibaki mezani karibu na jipya, watu wataandika la awali, na baada ya mwezi mtakuwa na hesabu mbili zisizolingana. Lifungeni kwa mstari chini ya ingizo la mwisho, mhazini asaini, lipelekwe kabatini.