Refreshi haiongezi kasi ya kompyuta
Kwenye steshenari nyingi za Dodoma, kabla faili halijafunguliwa, mtu anabofya kulia kwenye desktopu na kugonga refreshi mara tano, sita, "mashine iwe nyepesi". Haiwi. Refreshi, au F5, inaiambia Windows isome upya orodha ya faili na kuchora ikoni tena, basi. Haisafishi RAM (kumbukumbu ya muda ya programu zilizo wazi) wala haifungi programu yoyote. Inafaa pale faili jipya linapogoma kuonekana kwenye folda.

Uzito utafute kwingine. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager ifunguke, uangalie safu ya diski. Ikigota asilimia 100 huku ikisoma megabaiti 1 au 2 tu kwa sekunde, mara nyingi mchawi ni hadidiski ya kuzunguka: kichwa chake kinahangaika huku na kule kuokota vipande vidogo vya data. Dawa ni SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka: ile ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA huingia nafasi ileile kwenye laptop nyingi za zamani, na mfumo mzima unahamishwa kwa kukloni, yaani kunakili diski nzima kama ilivyo, bila kupiga Windows upya. Diski imetulia ila RAM imejaa? Ongeza RAM.

Halafu kuna vumbi letu la kiangazi. Likiziba feni, prosesa hujipunguzia kasi isiungue. Zima mashine, puliza, feni ukiishikilia isizunguke.