Kabla ya jukwaa: chombo, mikono na miaka ya mpiga piano Unguja

Mtoto aliyeanza piano na miaka 6 au 7, akiwa na mwalimu anayejua kazi yake, huhitaji miaka 10 hadi 12 ya mazoezi ya kila siku ndipo aweze kujaribu usaili wa chuo kikubwa cha muziki Ulaya. Huko nako kuna shahada, mara nyingi miaka mitatu au minne, na baadaye uzamili. Vipaji hapa kwetu vipo, tena vingi. Kinachowakwamisha vijana wetu ni chombo kibaya cha kuanzia na mikono iliyofundishwa haraka, na yote mawili hutokea katika mwaka wa kwanza.

Nianze na chombo. Kibodi ya vitufe 61, ile ya harusini na ya taarabu ya kisasa, inafaa kwa kazi yake, lakini haimfundishi mtoto uzito. Piano ina vitufe 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Kila kitufe kinarusha nyundo kwenye waya, na ukubwa wa sauti unatokana na kasi ya nyundo ile. Kidole kilichozoea kitufe chepesi cha springi hakijui kupiga polepole na kwa ndani. Kama huna piano, nunua ya dijitali yenye vitufe 88 vyenye uzito wa nyundo, na pedali nzito isiyoteleza sakafuni. Nayo ina faida nyingine: mtoto atavaa hedfoni baada ya sala ya alfajiri, apate nusu saa yake kabla ya skuli bila kuwaamsha majirani.

Mwenye piano ya mbao ajue kwamba adui yake ni unyevu. Piano inapenda hewa yenye unyevu wa asilimia 40 hadi 50, na hapa tunavuka 70 sehemu kubwa ya mwaka. Masika yakiingia, ubao wa sauti, ule mpana unaokuza mlio wa nyaya, unavimba na sauti zinapanda, tena hazipandi sawasawa. Vitambaa vidogo ndani ya vitufe navyo vinavimba, na kitufe kikibonyezwa hakirudi. Chumvi ya bahari inakula nyaya. Usiiegemeze piano kwenye ukuta wa nje wa nyumba ya Mji Mkongwe, kwa sababu mawe na chokaa vinanyonya maji. Iache mbali na ukuta na mbali na dirisha la upande wa pwani. Fito ya joto ya wati 25 hivi, ikifungwa chini ndani ya piano na kuachwa inawaka mchana na usiku, inasaidia sana. Kiyoyozi cha saa tatu kisha kikazimwa ni kibaya kuliko kukosa kabisa, maana mbao zinatanuka na kusinyaa kila siku. Na usimwite fundi kutyuni, yaani kupatanisha sauti za nyaya, mwezi wa Mei, kazi yake itapotea. Subiri mvua zimalizike na nyumba ikauke.

Sasa mikono. Mwanafunzi akae nusu ya mbele ya kiti, viwiko usawa wa vitufe au juu kidogo, mabega chini. Kosa ninalolisahihisha kuliko yote ni kupitisha gumba. Katika skeli ya do kubwa (ngazi ya sauti inayoanzia do), mkono wa kulia, vidole 1, 2, 3, tukihesabu kuanzia gumba, vinapiga do, re, mi, kisha gumba linapita chini na kupiga fa. Anayechelewa hutupa kiwiko nje, kifundo cha mkono kinazama, na fa inatoka kwa kishindo. Dawa yake ni kulianzisha gumba safari mapema: kidole cha 2 kikishapiga re, gumba liwe limeshaanza kuingia chini ya kiganja, na mi inapolia liwe juu ya fa linangoja. Piga mi na fa peke yake, 3 na 1, kwa sauti ndogo, metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, ikiwa kwenye mapigo 60 kwa dakika. Ikitoka safi mara tatu mfululizo, ongeza 4. Ikiharibika, rudi nyuma 8.

Pedali ya kulia, ile inayoacha sauti iendelee kulia, nayo ina siri yake. Mguu hauendi pamoja na mkono. Mkono unapopiga sauti mpya, mguu unapanda papo hapo, kisha unashuka sauti ile ikiwa imeshashikwa. Wanaokanyaga pamoja na mkono hubeba mabaki ya sauti ya nyuma, na muziki unakuwa tope.

Watoto waliokulia kwenye taarabu wanakuja na sikio la ajabu kwa wimbo na madoido yake, na hiyo ni mali. Udhaifu wao ni mkono wa kushoto, kwa sababu katika taarabu vyombo vingi hufuata wimbo mmoja. Hawa nawapa vipande 15 vya mtunzi Bach vya sauti mbili, yaani kila mkono una wimbo wake: piga sauti moja, imba nyingine, kisha badilisha. Na wajue mapema kwamba maqam (ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu) zenye robo sauti, kama rast na bayati, piano haiwezi kuzitoa.

Kuhusu mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya London: gredi ni 8, alama 150, kufaulu ni 100 na daraja la juu ni 130. Mtihani wa kawaida wa vitendo kuanzia gredi ya 6 unadai uwe umefaulu nadharia ya gredi ya 5 au mbadala wake, jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Mtego ni kukaa mwaka mzima na vipande vitatu vya mtihani. Kati ya gredi na gredi mwanafunzi apige vipande 8 au 10 vingine, la sivyo atafika gredi ya 8 hajui muziki.

Usaili na onesho hupigwa kwa kichwa, bila kutazama nota. Kumbukumbu ya vidole ndiyo ya kwanza kukimbia ukiogopa. Kwa hiyo weka alama mahali 10 au 12 ndani ya kipande, uweze kuanzia popote, na uandike nota za mkono wa kushoto kwenye karatasi bila piano.

Mashindano makubwa, kama la Chopin la Warsaw lililoanza 1927 na hufanyika kila baada ya miaka mitano, ni ya wachache. Wapiga piano wengi duniani wanakula kwa kufundisha na kusindikiza waimbaji na violini. Ukiwa Unguja, nenda chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichopo tangu 2002, upige na wenzako. Kwa kazi hiyo unahitaji kusoma nota papo kwa papo: kila siku dakika 10, kipande kipya cha gredi mbili chini ya yako, polepole, na ukikosea usisimame.