Pua ya Willys haikuinuliwa kwa mbwembwe tu

Ukiona picha za Willys ya 1941, gari dogo la milango miwili lililoinuliwa pua kwenye mstari wa kuanzia wa mbio fupi za magari (drag), ni rahisi kuamini kinachosemwa miaka nenda miaka rudi: kwamba mafundi wa Marekani walitaka kujionyesha. Mbwembwe zilikuwepo, hasa kwenye rangi. Kuinuliwa kule, hata hivyo, kulikuwa na kazi yake.

Mashindano yenyewe ni robo maili, yaani mita 402 za njia iliyonyooka, na gari huanza likiwa limesimama. Tairi za miaka ya 1950 zilishika lami vibaya; ukikanyaga mafuta kwenye V8 (injini ya silinda nane) yenye nguvu, zinazunguka bure na gari linachelewa kuondoka. Dawa ilikuwa kuzikandamiza tairi za nyuma. Kadiri kitovu cha uzito kinavyokuwa juu, ndivyo uzito mwingi zaidi unavyohamia nyuma gari linapochomoka. Ndiyo sababu wengi walifunga mbele ekseli (mhimili wa magurudumu) moja iliyonyooka ili kuinua pua, na kurudisha injini nyuma kidogo, kwa kiasi kilichoruhusiwa. Chama cha NHRA, kinachosimamia mbio hizi Marekani, kiliweka hata kikomo: katikati ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni ndani ya injini) isizidi inchi 24 kutoka ardhini. Urembo mtupu hauwekewi kanuni ya namna hiyo.

Tairi laini za mashindano zilipoboreka katika miaka ya 1960, faida ya kuinua ikapungua na magari yakaanza kushuka. Anayefufua gari la aina hii leo asiinue mbele kwa kukisia: mlalo wa ekseli ukikosewa, usukani hupepesuka mwendo ukikolea.