Ada Imesamehewa, Tozo Hazijasamehewa

Mtu anapata barua ya kusoma uzamili au uzamivu kwenye chuo kikuu cha Marekani: atakuwa msaidizi wa kufundisha, ada yake imesamehewa. Kabla jua halijazama kundi zima la WhatsApp limeshatangaziwa kwamba kapata "full scholarship". Jamani, hiyo si skolashipu, ni ajira. Una bosi, una saa 20 za kazi kwa wiki, una mshahara unaokatwa kodi, na una mkataba wenye tarehe ya mwisho.

Kwanza la FAFSA, fomu ya kuombea msaada wa masomo wa serikali kuu ya Marekani, nilipite haraka. Msaada wa serikali kuu unaoombwa kwa fomu hiyo ni wa raia wa Marekani na wachache wanaohesabiwa pamoja nao, kama wenye green card, wakimbizi na waliopewa hifadhi. Mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni, hata aijaze kwa wino wa dhahabu, hapati senti ya serikali kuu. Na mwenye haki nayo asisubiri Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu isiyorudishwa, maana kwa kawaida hiyo ni ya shahada ya kwanza. Kwenye uzamili, kinachofunguliwa na FAFSA hasa ni mkopo.

Sasa turudi kwenye barua, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Kwenye bili kuna ada, Kiingereza chao tuition, na kuna tozo, yaani fees: za huduma ya afya, teknolojia, usafiri, jengo la michezo ambalo hutakanyaga, na mara nyingine tozo ya kuwa mgeni tu. Barua ikisema ada imesamehewa, imesema ada. Tozo ni zako mpaka iandikwe vinginevyo.

Hata hiyo ada nayo ina vichochoro. Vyuo vingine vya umma vinasamehe ile nyongeza ya mwanafunzi wa nje ya jimbo tu, halafu ada ya mkazi wa jimbo unabaki nayo. Vingine vinasamehe hadi idadi fulani ya krediti, yaani vipimo vya uzito wa masomo unayojisajili, tuseme 9 kwa muhula. Ukijisajili krediti 12, hizo 3 unalipa mwenyewe. Krediti za kiangazi mara nyingi hazimo kabisa.

Chukua barua ya mfano. Posho, yaani huo mshahara wako, dola 24,000 kwa miezi 9. Tozo dola 1,100 kila muhula, kwa mihula miwili 2,200. Bima ya afya dola 2,800, chuo kinalipa nusu, nusu yako ni 1,400. Unabaki na 20,400 kabla ya kodi. Mtu mwenye haraka hugawanya 24,000 kwa 9, anaona 2,667 kwa mwezi, anatafuta nyumba ya kulingana na hiyo. Lakini mwaka una miezi 12 na mwenye nyumba hajui habari za likizo ya kiangazi. Gawanya 20,400 kwa 12: dola 1,700. Hiyo ndiyo namba yako, na mtoza kodi bado hajabisha hodi.

Halafu kuna pengo la mwanzo, ambalo barua hailigusi. Kazi ikianza katikati ya Agosti, malipo ya kwanza yanaweza kufika Septemba, wakati amana ya nyumba inatakiwa siku ya kupewa funguo. Uliza kama tozo zinaweza kukatwa kidogokidogo kwenye mshahara. Vyuo vingi vinaruhusu, ila hawakuambii usipouliza. Na usijidanganye kwamba utajazia kwa kibarua cha maktaba. Mwenye F-1 haruhusiwi kupita saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na hizo tayari zimemezwa na usaidizi wako.

Kodi, kwa kifupi: ada iliyosamehewa msaidizi wa kufundisha au wa utafiti kwa kawaida haitozwi kodi. Msaidizi wa kazi za ofisi hana uhakika huo. Kwake msamaha unaozidi dola 5,250 kwa mwaka unaweza kuhesabiwa kama kipato. Kazi ni ya chuo kilekile, ila hesabu za kodi haziko sawa.

Kama msaada hautoshi, inabaki mikopo. Mkopo wa kawaida wa serikali kuu kwa uzamili una kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka, na riba inaanza kuhesabiwa siku pesa inapotoka, hata ukiwa darasani. Riba ikiwa asilimia 8, hiyo ni dola 1,640 kwa mwaka, karibu dola 4.50 kila siku unayoamka. Zamani pengo lilizibwa na Grad PLUS, mkopo mwingine wa serikali kuu kwa wanafunzi wa uzamili na kuendelea, lakini sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 imewafungia wakopaji wapya mlango huo kuanzia 1 Julai 2026, na kuweka kikomo cha jumla cha dola 100,000 kwa uzamili na uzamivu wa kawaida. Udaktari wa tiba, sheria na mfano wake wana viwango vyao vya juu zaidi. Mgeni anabaki na wakopeshaji binafsi, na wengi wao wanataka mdhamini anayeishi Marekani.

Kuna jambo moja ambalo miongozo hulipamba mno: hizo saa 20. Kwa msaidizi wa kufundisha zinahesabika; kuna vipindi, kuna mitihani ya kusahihisha. Kwa msaidizi wa utafiti, kazi ya profesa na tasnifu yako zinalala kitanda kimoja, na simwamini anayedai anajua mpaka uko wapi. Tena pesa hiyo mara nyingi ni ya mradi wa profesa. Mradi ukiisha, au profesa akihamia chuo kingine, posho inaweza kuondoka naye.

Kwa hiyo mwandikie mratibu wa idara kabla ya kusaini. Muulize tozo ni kiasi gani kwa muhula, kiangazi kina nini, krediti ngapi zinasamehewa, na mradi ukikatika idara itakubeba au la. Majibu yaje kwa barua pepe, si kwa simu. Wakikubana ujibu wiki hiyohiyo, angalia kama chuo kimesaini azimio la Council of Graduate Schools, umoja wa vyuo vyenye masomo ya uzamili na uzamivu: waliosaini hawapaswi kukulazimisha kuamua juu ya ofa ya ufadhili kabla ya 15 Aprili.