Je, wajua kwa nini mikroRNA huelea katika damu mwili unapopambana na virusi?

Mtafiti akitia RNA (molekuli inayobeba maelekezo ya jeni ndani ya seli) iliyotengenezwa maabara ndani ya plazma, yaani majimaji yanayobaki seli za damu zikishatenganishwa, RNA hiyo hukatwakatwa na vimeng'enya na kutoweka kwa muda mfupi. Hata hivyo, mwaka 2008 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba vipande vifupi vya RNA ambavyo mwili wenyewe umevitoa humo hubaki salama kwa saa 24 katika joto la kawaida la chumba, na kwamba hata plazma ikigandishwa na kuyeyushwa mara kadhaa bado vinapimika. Vipande hivyo ni mikroRNA. Haviharibiki kwa sababu haviko uchi: vingine vimefungwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta viitwavyo eksosomu, na vingine vimekumbatiwa na protini, hasa ile iitwayo Argonaute2.

Mikro­RNA moja ina nyukleotidi (viungo vidogo vinavyounda mnyororo wa RNA) 22 hivi. Yenyewe haizai protini, bali hujishikiza kwenye RNA ya ujumbe (ile inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini) inayolingana nayo na kuizuia isizae protini yake. Victor Ambros na Gary Ruvkun walieleza jambo hilo mwaka 1993 kwa kuchunguza mnyoo wa C. elegans, mwenye urefu wa milimita 1 tu, na mwaka 2024 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Virusi vinapoingia, seli za kinga huvitambua kwa vipokezi maalumu, kisha protini iitwayo NF-κB huwasha jeni za mchochota, na ndipo mgonjwa anapopata homa, maumivu na uvimbe. Mchochota huo unahitajika, lakini ukipita kiasi huua tishu za mgonjwa mwenyewe, na katika magonjwa mengi ya virusi madhara makubwa hutokana na kinga iliyokosa kiasi kuliko virusi peke yake. Hapa ndipo mikroRNA mbili zinapostahili kutazamwa kwa karibu. Ya kwanza, miR-155 (miR ni kifupi cha mikroRNA), huongezeka upesi seli inapohisi adui, na huzima protini ya SOCS1, ambayo kwa kawaida hupunguza makali ya kinga. Matokeo yake ni kwamba mchochota hupanda. Ya pili, miR-146a, huwashwa na NF-κB ileile, lakini hugeuka na kupunguza protini za IRAK1 na TRAF6, ambazo ndizo zinazopeleka taarifa ya hatari kwa NF-κB. Kwa hiyo mchochota hujitengenezea breki yake wenyewe. Panya walioondolewa jeni ya miR-146a hupata mchochota uliopindukia, ilhali wale wasio na miR-155 hushindwa kujikinga ipasavyo.

Je, zikitoka nje ya seli zinaendelea kufanya kazi? Kwa sehemu, ndiyo. Majaribio ya panya yameonyesha kwamba seli za kinga hupeana miR-155 na miR-146a kupitia eksosomu, na seli iliyopokea hubadilika kweli: miR-155 ikiuongeza mchochota, miR-146a ikiutuliza. Baadhi ya mikroRNA huamsha hata vipokezi vya TLR7 na TLR8, vilevile vinavyotambua RNA ya virusi, kana kwamba zenyewe ni virusi.

Si zote, hata hivyo, zinazotumwa kwa makusudi. Nyingi humwagika tu kutoka katika seli zilizojeruhiwa. Mfano mzuri ni miR-122, ambayo ndiyo mikroRNA iliyo nyingi kuliko zote katika seli za ini. Virusi vya homa ya ini aina ya C huitegemea: watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha mwaka 2005 kwamba virusi hivyo haviwezi kuzaliana vizuri bila miR-122 kujishikiza kwenye RNA yao. Mchochota unapoharibu seli za ini, miR-122 humwagika na kiwango chake katika damu hupanda, ndiyo maana watafiti wameipendekeza kuwa kiashiria cha madhara ya ini. Kiwango hicho kinaeleza kiungo kilichoumia, wala si lazima kitaje kirusi kilichokiumiza.

Nadhani ubora wa sampuli ya damu katika vipimo vya mikroRNA haupewi uzito unaostahili. Seli nyekundu za damu zimejaa miR-451, kwa hiyo sampuli iliyochomwa vibaya au kutikiswa kwa nguvu mpaka seli hizo zikapasuka itaonyesha ongezeko ambalo halina uhusiano wowote na maambukizi. Heparini nayo, inayotumika katika baadhi ya mirija kuzuia damu isigande, huzuia kipimo cha PCR, kinachotumika kupima mikroRNA, hivyo mrija wenye EDTA, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, ndio unaofaa zaidi. Kabla ya kusoma matokeo mengine yoyote, maabara makini hulinganisha miR-451 na miR-23a, ambayo kupasuka kwa seli nyekundu hakuigusi sana, na tofauti ikiwa kubwa mno sampuli hiyo huwekwa kando na mgonjwa hutolewa damu upya.