Sarafu ya Shilingi 500 Haina Madini ya Fedha: Acheni Kuzikata

Malalamiko yanayotufikia maabara hapa Dodoma yanafanana: mtu kauziwa sarafu kwa bei ya kutisha, kaambiwa ina fedha au dhahabu, kaja kuipima, kaondoka analia. Wengine huzileta zimeshakatwa kwa msumeno.

Shilingi 500, iliyoanza kutumika mwaka 2014 kwa kuwa noti yake ilikuwa ikichakaa haraka, ni chuma kilichopakwa nikeli. Shilingi 50 na 100 ni chuma kilichopakwa mchanganyiko wa shaba na zinki. Ukwangue huo mng'ao wa njano, utakutana na chuma cha kijivu, na ukikiacha kwenye unyevu kitashika kutu. Hakuna dhahabu humo. Tumeshalisema hili mara nyingi.

Kipimo cha sumaku cha vijiweni, kwamba isiyonaswa ni fedha, nacho hakitoshi. Ni kweli sumaku inanasa shilingi 500. Lakini ile shilingi moja ya mwaka 1966, yenye mkono ulioshika mwenge, hainaswi, ina weupe wa kung'aa, na bado si fedha. Ni shaba na nikeli.

Baadhi ya sarafu za wakoloni zina madini ya thamani. Rupia ya Mjerumani ina fedha halisi, takriban gramu 10.7. Ya dhahabu ni rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, kwa dhahabu ya Sekenke, Iramba. Zilitengenezwa elfu 16 na ushee tu. Anayekufungulia mfuko wa rambo wenye ishirini za namna hiyo anakutapeli.

Anayetaka kupima aje mwenyewe na kitambulisho, ajaze fomu ya sampuli, apewe namba ya malipo, alipe benki au kwa simu, kisha arudi na stakabadhi. Bila stakabadhi sampuli haipokelewi, hata kama umetoka Manyoni au Kondoa. Sarafu iliyo kwenye mzunguko hatuikati wala hatuiyeyushi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inataja makosa ya sarafu: kuighushi, kuipunguza uzito, kuitumia ukijua ni bandia. Adhabu zake ni pamoja na kifungo, na kusema hukuijua sheria hakukuokoi. Mfanyabiashara wa dhahabu naye lazima awe na leseni chini ya Sheria ya Madini, Sura ya 123. Mwambie akuonyeshe kabla hujampa kitu. Sarafu iliyochakaa ipeleke benki.