Ninachotafuta kwenye jarida la mashirika ya hisani

Nakagua hesabu za asasi, na nyingi kati ya hizo zinaishi kwa fedha zinazotoka Uingereza. Ndiyo maana nasoma Third Sector, jarida la huko lililoanza mwaka 1992, mali ya kampuni ya Haymarket. Wasomaji wake ni wakurugenzi, wadhamini (yaani wajumbe wa bodi), wahasibu na wachangishaji, na wanachotaka kujua ni nani kateuliwa, nani kajiuzulu, uchunguzi umefunguliwa wapi, kanuni ipi ya hesabu inabadilika. Mtu wa nje ataliona kavu, tena sehemu kubwa husomwa kwa kulipia.

Gazeti la kawaida likigusa habari za hisani hutafuta mtakatifu au mwizi. Watu wa fani wanajua lipo kundi jingine, na nadhani ndilo kubwa: shirika lenye watu waaminifu ambalo fedha zake hazifiki mwisho wa mwezi.

Chukua Kids Company, lililoanzishwa London mwaka 1996 na Camila Batmanghelidjh kusaidia watoto waliokosa malezi. Wanasiasa wakubwa walilipenda, na kwa miaka serikali ililipa zaidi ya pauni milioni 40. Agosti 2015 likafunga milango, siku chache baada ya kupokea ruzuku nyingine ya milioni 3. Magazeti yakajaa tuhuma, na mavazi ya mama huyo yenye rangi kali nayo yakapata nafasi yake. Lakini hesabu za mwaka 2013, ambazo yeyote angeweza kuzifungua, zilionyesha matumizi ya takriban milioni 23 na akiba isiyofika nusu milioni. Gawa mwenyewe: hiyo ni akiba ya kama wiki moja. Ruzuku ikichelewa siku kumi, mishahara hakuna. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kuwazuia wadhamini wasiwe wakurugenzi wa kampuni. Mwaka uliofuata Tume ya Mashirika ya Hisani, inayosimamia mashirika hayo England na Wales, ikasema usimamizi ulikuwa mbaya, kwa kuwa wadai, wakiwemo wafanyakazi wenyewe na mamlaka ya kodi, walicheleweshewa malipo yao.

Hapa wafadhili nao wana lao. Kila mmoja anataka kulipia madawati, visima, semina. Wa kulipia akiba humpati. Fedha ikija na masharti ya visima hubaki ya visima, hata kama benki inaonyesha salio nono. Kwa hiyo nikifungua hesabu za shirika lolote naruka picha za watoto wanaotabasamu na kwenda kwenye maelezo ya fedha zisizo na masharti. Ukitoa thamani ya majengo na magari, kinachobaki ndicho kinacholiweka shirika hai.

Jarida hilo pia huchambua mishahara ya wakubwa wa sekta, na kila mara kelele hupigwa. Kanuni za hesabu za Uingereza zinalitaka shirika kubwa litaje ni wafanyakazi wangapi wanapata zaidi ya pauni 60,000 kwa mwaka, kwa madaraja ya 10,000, bila kutaja majina. Anayeziona namba hizo mara ya kwanza hushtuka kukuta Wellcome Trust, mfuko unaofadhili utafiti wa afya, juu kabisa. Wanaolipwa hivyo ni wasimamizi wa uwekezaji wa mfuko wa mabilioni. Kuwalinganisha na mkurugenzi wa nyumba ya wazee ni kupoteza muda. Binafsi namwangalia anayelipwa vizuri huku akiba ikishuka miaka mitatu mfululizo.

Hesabu zenyewe ni bure kwenye rejista ya Tume: andika jina la shirika, pakua. Tatizo ni muda. Shirika linaruhusiwa kuziwasilisha hadi miezi kumi baada ya mwaka wa fedha kwisha, hivyo unachosoma leo huenda ni hali ya mwaka juzi. Pengo hilo ndilo jarida linaloziba. Mkurugenzi wa fedha kuondoka katikati ya mwaka, mkaguzi kubadilishwa, taarifa ya kupunguza wafanyakazi: hizo hufika mapema. Nikiona mfadhili wa mteja wangu ametajwa hivyo, sisubiri hesabu. Nampigia mteja simu nimwambie asisaini mkataba wa ofisi wa miaka mitatu kwa kutegemea ruzuku hiyo, na amwombe mfadhili ratiba ya malipo kwa maandishi.